Muchanga mu Kofia ya Fimbo Yako

Kabongo, baba yangu, mutoto yangu,

Yambo. Yambo tena. Ni minye mama yako, naandika na ile kipande ya penseli yenye ulikuwa unaniletea mu mufuko, ile fupi ya bazungu ya golofu, ya kuandika namna mupira ilivyoenda. Herufi ni zile zile nilijifunza na bamama ya misioni ku Mulungwishi. Zinainama upande. Weye ulikuwa unacheka, unasema herufi ya mama inatoka kunywa pombe. Cheka tu. Nakuita baba sababu jina yako ni ya baba yangu, na kuzoea ni kuzoea, hata kifo haikuniachisha.

Baba yako anakusalimia. Iko pa kiti yake pa mulango, magoti imevimba na hii baridi, anaangalia njia. Akisikia baiskeli inapita anainua kichwa, anafikiri ni weye, halafu anakumbuka. Bibi yako Ngalula, mama ya Meta, anakusalimia. Iko mu nyumba anafunga bintu, nasikia masahani. Alinyoa kichwa sababu ya matanga yako, sasa nywele inaanza kurudi, laini kama ya mutoto. Meta, mutoto yako, anakusalimia. Anasema maneno mingi sasa. Akiona muntu yenye iko na fimbo ndefu mu njia, anaita "papa", na muntu anageuka. Tunamuacha aite. Baba mudogo Mukendi anakusalimia na bibi yake na batoto yabo. Banakaa kwetu tangu bantu balichoma nyumba yabo. Mikono yake ilipona. Ni sauti yake haikupona, anapiga kelele hata akiomba chumvi. Imbwa yako Lundi iko hai, iko chini ya kitanda yako, anazeeka pale. Kuku hatuna tena, kwa hiyo kuku haikusalimii.

Na minye nakusalimia wa mwisho, kama mama anavyokula wa mwisho.

Bote tuko wazima. Sasa nikuambie yenye haiko nzima.

Tunaondoka, baba. Kesho asubuhi kamio, lori kubwa, inakuja kutubeba, inatupeleka ku stasyo, kuna treni ya kurudisha bantu ya Kasai. Weye ulituacha wakati ilikuwa bado maneno tu. Katanga ni inchi yake peke yake, walisema, na bendera yake na wimbo yake, na ulicheka ukasema bendera ni bendera, hata ku golofu kuna bendera, mupira haijali. Sasa ile maneno ilitoka mu midomo ikaingia mu mikono. "Muntu ya Kasai arudie kwabo." Balituchorea musalaba ya chaki pa mulango ya mbele. Baba yako aliifuta, asubuhi ikarudi. Aliifuta tena, ikarudi tena, sasa anaiacha. Mama jirani, ule yenye nilimushika mugongo wakati ya kuzaa batoto yake bote, juzi alinipita pa bomba ya maji kama minye ni ndoo. Na nikarudi nyumbani nikasema aliniogopa, hakunichukia. Sijui. Nasema hivyo ili nilale.

Kuondoka, nilisema sawa. Bintu yetu ni kidogo. Lakini weye.

Unajua kwetu hatuachi mufu mu udongo ya ugeni. Tunaenda pa kaburi, tunamuaga, tunakamata udongo kidogo, tunaifunga vizuri, tunamuita na jina yake: simama, twende. Halafu tunaizika pembeni ya bazee yake, naye analala. Baba yako alimubeba dada yake hivyo, zamani, mu kopo ya siagi, treni nzima hakuiacha mukononi. Sasa nilitaka kuja kwako. Nilivaa, nilifunga kichwa, nilishika na kijiko. Baba yako akasimama mu mulango na magoti yake ile. Ku njia ya makaburi kuna kizuizi ya askari. Bwana ya binamu ya Ngalula alipita pale na baiskeli, walimuuliza kabila yake, na tunasikia iko ku Buluo, mu gereza, na ile pia tunasikia tu. Baba yako alisema, "Mama Kabongo, nilizika moja. Unataka nizike bawili?" Nikavua kitambaa.

Tangu ile siku sikulala. Ninafikiri: tutafika Kasai, bazee batauliza, na Kabongo iko wapi? Nitasema nini? Nilimuacha ku Likasi, peke yake, na hakuna hata muntu ya kumungolea majani?

Nakumbuka sana. Kila sahani yenye Ngalula anafunga, nakumbuka.

Nakumbuka ulivyoanza. Bazungu balikuwa banapoteza mipira mu majani, mu bichuguu, na batoto ya kampi balikuwa banaitafuta. Benzako balikuwa banatafuta mupira. Weye ulikuwa unaangalia mikono ya bazungu. Siku moja ulikata tawi ya mupera yenye kupinda pa mwisho, ukaanza kupiga mawe, ukavunja chungu yangu ya maji. Nilikunyanganya ile tawi, nikakupiga nayo. Na unalia, makamasi mpaka kidevu, unaniambia, "Mama, unashika vibaya. Kidole kubwa iende chini." Nilikimbia nyuma ya jiko nicheke, usinione.

Halafu ukawa kadi, kubebea bazungu mufuko ya fimbo. Mufuko ilikuwa kubwa kukupita, kwa mbali tuliona mufuko inatembea na miguu. Halafu siku ya lundi, Jumatatu. Bazungu hawachezi lundi, na bwana ya kule aliwaachia bakadi wacheze na fimbo yenye kuchakaa. Ulikuwa unatoka kabla ya jogoo kuwika. Lundi moja ulishinda bote, na ukarudi na imbwa yenye ulikuta mu majani, ukaipa jina ya siku. Ule monitere, mwalimu muzungu ya golofu, wa ndevu nyekundu, alikuona, akakuweka mu karakana, akakufundisha kufunga ngozi pa fimbo, na mangaribi akimaliza kazi alikuacha upige mupira mpaka giza. Bajirani balisema, "Mutoto ya Mama Kabongo analipwa kwa kutembea." Baba yako alisema, "Minye nilichimba shimo mpaka magoti ilikufa. Yeye analipwa kutia mupira moja mu kishimo moja. Kati yetu nani ana akili?" Akacheka mpaka akakohoa.

Na ile mwaka ya uhuru bazungu balikimbilia Rhodesia, magodoro juu ya motokari, ule monitere alikutupia funguo ya karakana kwa dirisha. Bazungu bengine balirudi, yeye hapana. Hakukuwa na muntu ya kubafundisha, balikupa weye ile kazi. Ulikuja ukasimama pa jiko, kofia mu mukono, kama muntu analeta habari ya kufa. Ukasema, "Mama, leo niliingia kwa mulango ya mbele ya bazungu." Nikakuuliza, "Na walikupa chai?" Ukasema, "Chai bado, Mama. Mulango kwanza."

Kwa hiyo nilikufumia kofia za fimbo. Bibi moja muzungu alikuonyesha zake, fimbo kubwa kubwa zinavaa kofia ya sufu pa kichwa zisiumizane, ukaniomba, nikafuma nyekundu, na buluu, na ile ya tatu ya rangi mbili sababu sufu ilinishinda. Ukasema, "Mama, fimbo zangu zinavaa vizuri kunipita." Ulienda nazo Ndola, kucheza na bantu yenye kazi yabo ni ile tu, bantu wa kulipwa. Hoteli haikuwa na kitanda ya muntu mweusi, ulilala mu motokari, miguu ku dirisha. Asubuhi ulicheza, ukawa wa tatu. Uliniletea blanketi. Nilikuuliza bazungu walisema nini. "Walipiga makofi, Mama. Halafu walienda kula." Lakini mu njia ya kwenda ku bomba nilitembea polepole ile siku, ili muntu aniulize habari yako.

Ile siku ya mwisho sipendi kuiandika. Nitaiandika haraka.

Mvua ilitokea upande ya Kapolowe, nyeusi. Bazungu balikimbilia mu nyumba yabo. Pale pa kishimo ya mwisho kulikuwa bado na ile bendera ya chuma, na upepo ingeivunja. Kazi ya kadi kuitoa. Ulisema mutoto haendi mu radi, ukaenda weye. Mwape, rafiki yako tangu utoto, alikufuata na ubao ya kusawazisha muchanga ya pale pa kishimo. Ulishika chuma. Radi ilipiga.

Walikuleta mu motokari ya pikopo. Viatu yako ya misumari ilikuwa mu mukono ya Mwape, viatu peke yake, alikuwa anashika kama mutoto ya kuku.

Mwape hakukufa. Alitupwa mu majani, na sikio ya kushoto ilikufa. Sasa ukimuita anageuza kichwa, anasema, "Mama, semea huku, ile ingine ilienda na Kabongo." Na bazungu balimupa funguo yako, sababu hakukuwa na mungine. Weye unajua namna bantu yetu ilivyo. Kwetu radi haiko mvua tu, radi inatumwa. Mukendi alisimama pa matanga mbele ya bote, akasema, "Radi inachagua? Bawili basimame pamoja, moja akufe, moja apoteze sikio? Na nani leo iko na funguo?" Bantu wakaguna. Tena Mwape ni muntu ya hapa, ya Kapolowe, haiko ya Kasai, na ile wakati kabila ilikuwa inaanza kuhesabiwa. Mukendi akamukataza mulango yetu.

Minye sikujua kitu, baba. Mpaka leo sijui radi inatoka wapi. Ninajua Mwape alikula mu sahani yangu tangu meno ya mbele imemutoka. Kwa hiyo aliendelea kuja, kwa mulango ya jiko, na samaki ya kwabo ndani ya majani. Mukendi alikula ile samaki. Alisema ni tamu, inatoka wapi? Nikamuambia ku soko.

Sasa sikia ya jana.

Jana mangaribi Mwape alikuja ku jiko. Mukono nyuma. Mudomo yake ilikuwa imepasuka. Nilikuwa nimemuomba, yeye ni muntu ya hapa, askari wanamuachia apite, aende pa kaburi yako aniletee udongo. Ilinitia aibu kumuomba, mila inataka muntu wa damu moja na mufu, haikubali rafiki. Lakini damu yako yote imefungiwa mu hii nyumba. Akanipa kofia ya fimbo, ile nyekundu, ya fimbo yako kubwa. Imefungwa pa mudomo na kamba. Nzito. Nikaifungua kidogo.

Muchanga. Mweusi.

Na harufu ikanipiga. Mafuta ya motokari, ya zamani. Hapa majani haipendi kukaa fupi mu jua, ndiyo sababu pale pa kishimo bazungu balitandika muchanga na mafuta, upepo isiibebe. Unajua nilifua mashati yako na majivu, na sabuni, na majivu tena, na ile harufu haikutoka. Ningeijua mu ndoto. Nikamuangalia Mwape. Yeye akaangalia jiko.

Akasema, "Mama, ku makaburi walinirudisha. Nikaenda tena. Walinipiga, walisema naenda kuzika silaha ya Baluba, ya ninyi bantu ya Kasai. Nikafikiri, kaburini tulipeleka mwili tu. Kabongo alianguka pale pa kishimo. Pumzi ilimutokea pale, minye niliisikia, ndiyo kitu ya mwisho hii sikio ilisikia. Nikachimba pale."

Mukendi alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumusikia akija, kwa mara ya kwanza tangu moto. Akasema, "Muchanga ya radi. Mu nyumba ya batoto. Ulimumaliza, sasa unatuletea mabaki?"

Mwape hakugeuka na sikio yenye imekufa, aligeuka na ile nzima. "Papa Mukendi, kama minye niko na radi, ningeituma pale ku kizuizi. Waliniulizia silaha sana."

Halafu baba yako, kutoka pa kiti yake, hata hakugeuza shingo: "Mwape, kaa chini. Ngalula, muletee maji ya mudomo." Maneno ni ile tu. Mukendi akatoka nje. Aliporudi alikaa mbali na ile kofia, na bibi yake akabeba batoto yabo upande ingine ya nyumba.

Mwape alituambia habari ya kule. Bazungu balikimbia tena. Askari balichimba mashimo marefu mu yale majani yako, mbuzi zinakula pale ulikuwa unafundishia. Mipira hakuna, bendera hakuna. Yeye anaenda kila asubuhi, anavuta ubao juu ya muchanga, kuanzia pembeni, duara, duara, mpaka katikati pa kishimo, kama ulivyomufundisha. Nikamuuliza, "Kwa nani, mutoto yangu?" Akasema, "Isipokuwa sawa, Mama, ataniuliza."

Basi hapa ndipo nimefika, Kabongo, na akili yangu haifiki mbele.

Mukendi anasema muchanga yenye radi imelamba haibebwi, na yenye imeletwa na Mwape haibebwi mara mbili. Itupwe mu mto ile kitu, anasema. Ile yake simusikilizi sana, moto ilimuharibu. Yenye inaniamusha ni ingine. Weye ulizaliwa hapa. Kasai hukuiona hata siku moja. Nikikuambia habari ya mito ya kwetu, ulikuwa unasema, "Mama, Kasai ni ya bazee. Minye ni muntu ya Likasi." Na sasa Likasi inaandika musalaba pa mulango yako. Nikikubeba, ninakupeleka kwako, ama ninakufukuza pamoja na bale banakufukuza? Nikikuacha, umebaki kwako, ama nimekutupa? Nilimuuliza baba yako. Akasema, "Muulize yeye."

Ndiyo nakuuliza.

Hii barua Mwape atakuja kuikamata sasa hivi, kabla giza haijaingia. Ataiweka mu kile kishimo, aifunike na muchanga, aisawazishe. Itakufikia haraka kupita ku makaburi.

Kesho asubuhi yeye atakuja pale kamio inasimama. Aliniambia atasimama mbali kidogo, pale askari hawataona tunajuana, na nikiwa nimebeba kofia nyekundu kifuani atajua umekubali, ataondoa kofia yake. Kama hukubali, nitaiweka chini pa ukuta, kama muntu amechoka muzigo, na yeye ataikamata tukienda, ataimwaga pale pale, kila chembe, na ubao juu.

Na kama ukikubali, sikia ahadi yangu. Sitaiacha mu kona ya treni. Meta atalala ku mukono moja, weye mu ingine. Nitakuzika pembeni ya baba yangu, mwenye jina yako, muanze kujuana, usimuvunjie chungu. Na kila asubuhi nitavuta ubao pale juu, kuanzia pembeni, duara, mpaka katikati. Mafuta nitaomba kwa benye motokari. Bantu ya kijiji batasema Mama Kabongo amekuwa wazimu. Nitabaambia hamujui kazi ya mutoto yangu.

Ngalula anauliza kama nimekuambia viatu yako anaibeba. Nimekuambia.

Lala vizuri, baba, kama hapa ndiyo kulala kwako. Lakini usilale kabla ya kunijibu. Nijibu upesi, leo hii nikifunga macho, kamio haingojei. Njoo mu ndoto useme ndiyo ao hapana, hata neno moja, hata ukasirike. Usinyamaze tu. Kunyamaza kwako minye sijui kukusoma.

Najua ulipenda mulango ya mbele. Pale kuna chaki. Pita ku jiko, kama Mwape, nitaiacha wazi. Na vua viatu ya misumari, Meta siku hizi analala kidogo.

Mama yako